Kichwa Kinapopasua Ghafla



Ndugu zangu Waislamu, Abu Daud ametupokelea kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini. Akaota, akapata janaba, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wao ndio waliomuua: kwa nini hawakuuliza, ilhali hawajui?

Kisa hiki tunakirudia majumbani mwetu. Mama anasonga ugali, mara anaachia mwiko na kushika kisogo kwa mikono miwili. Haijapita dakika, maumivu yamefika kilele. Hajaumwa hivyo tangu azaliwe. Anatapika, shingo inakakamaa. Na sisi? Huyu anasema presha, yule anasema jini, mwingine anatafuta aspirini. Wa kuuliza hayupo.

Huenda ni mshipa uliotuna kama puto ukapasuka, damu ikauzunguka ubongo. Hapo aspirini ni hatari, maana huzuia damu kuganda. Cha kufichua ni kipimo cha CT. Mgonjwa hulazwa chali, kitanda kikasukumwa ndani ya mashine iliyo kama pete kubwa, na kwa dakika chache picha ya ubongo imetoka, bila kisu. Damu mbichi huonekana nyeupe mahali ambapo pangekuwa peusi. Kipimo hiki mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Babu zetu hawakukijua. Sisi tuna udhuru gani?

Lakini saa zinahesabika. Katika saa 6 za mwanzo ni nadra mno picha hiyo kuikosa damu. Siku zikipita damu hufifia, picha ikatoka safi na hatari ikabaki palepale, kwani mshipa uliopasuka huweza kupasuka tena. Hapo daktari akiomba kuchukua maji ya uti wa mgongo, msikatae kwa kuogopa sindano.

Kisomo sikikatazi, wallahi. Mimi mwenyewe huwasomea wagonjwa. Msomeeni garini, mkielekea hospitali.

Na kwa kuwa kipimo kina gharama na usiku usafiri ni shida, leo baada ya swala tunachangia mfuko wa wagonjwa. Mwenye gari aliye tayari kuamshwa saa nane za usiku, amwachie katibu namba yake kabla hajatoka.