Kumwachia Mwingine Lango



Musa aliiona nchi ya ahadi kwa macho tu. Aliyewavusha watu Yordani ni Yoshua. Twaisoma habari hiyo na kumhurumia Musa. Lakini je, Yoshua alifunzwa na nani?

Fikirini habari za Luis Gabelo Conejo, mlinda mlango wa Costa Rica. Mwaka 1990 nchi hiyo ndogo ya Amerika ya Kati ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, huko Italia. Conejo akiwa langoni, waliishinda Scotland 1-0, wakafungwa na Brazil bao 1 tu, wakaishinda Sweden 2-1. Wakavuka kundi lao. Lakini Conejo alikuwa ameumia. Siku ya kucheza na Chekoslovakia alisimama mwingine, nao wakafungwa 4-1.

Alipoacha kucheza, alifundisha walinda mlango. Mwaka 2014, huko Brazil, mwanafunzi wake Keylor Navas aliokoa penalti ya Ugiriki, na Costa Rica ikaingia robo fainali kwa mara ya kwanza.

Wazee wenzangu, twashikilia funguo za kanisa, daftari la kwaya na viti vya halmashauri mpaka mikono itetemeke, kisha twanung'unika kwamba vijana hawajui kazi. Nani amewafundisha? Musa alimwekea Yoshua mikono angali hai. Basi kila mmoja wetu na amtafute kijana, amfundishe kazi yake, kisha amwachie. Amina.