Nguvu ya Kuazima

Wahenga wetu walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Neno hilo ni zito, na kwa kila anayejipamba kwa vya wenziwe ni onyo la haki. Lakini je, nguvu ya kuazima nayo haiangazi? Suali hili halikunijia kitabuni, bali katika kitu kidogo kinacholala sandukuni na kusahauliwa: flashi ya kamera ya zamani.

Tuchukue mfano wa Vivitar 283, flashi iliyoenea duniani tangu miaka ya 1970 na kumulika nyuso za maharusi wasiohisabika. Iliundwa itumie betri nne ndogo za AA, kila moja volti 1.5, jumla volti 6. Nguvu hiyo peke yake haitoi mmweko. Ndani mna mtambo unaoipandisha hadi kupindukia volti 300 na kuiweka akiba katika kapasita, mfano wa mtungi unaojazwa kata kwa kata. Mtungi ukishajaa na kitufe cha kamera kikabonyezwa, akiba yote humwagika kwa mara moja kupitia neli ya kioo yenye gesi ya zenoni, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Hiyo ndiyo nuru.

Tazama basi: nuru haitoki moja kwa moja katika betri. Hutoka mtungini, na mtungi haukumbuki ni nani aliyeutilia maji. Mtu akitia betri za kuchaji za nikeli, ambazo kila moja ni volti 1.2, jumla hushuka hadi volti 4.8. Kwa hisabu ya karatasi, flashi ingenyong'onyea. Kwa vitendo, mara nyingi hujaa upesi zaidi, kwa kuwa betri hizo zina ukinzani mdogo wa ndani na hutoa walicho nacho bila ya kinyongo. Mgeni aliyekuja na sifa pungufu amezidi kwa ukarimu.

Hapa hujitokeza watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba cha kale kilishwe cha kale, ama kiachwe. Kauli yake ina sura ya heshima, lakini matokeo yake ni mazishi. Flashi kubwa za zama za nyuma zilitumia betri kavu za volti 510, na viwanda vimekwisha kuacha kuzitengeneza. Anayezisubiri hizo hailindi flashi yake. Anailaza akisubiri asichokipata. Tena kapasita iliyolala miaka mingi huharibika kwa kule kulala kwenyewe. Huko kutunza, basi, ni kuua polepole.

Wa pili ni mwenye pupa. Huyu huona betri mpya za lithiamu zenye umbo lile lile la AA, akasema: zimeenea, basi zinafaa. Kumbe kila moja ni volti 3.7, na nne ni volti 14.8, zaidi ya maradufu ya kile mtambo ulichoumbiwa. Saketi huungua. Hakuifanyia uadui flashi yake. Aliipenda, akataka kuipa nguvu nyingi kuliko ilizozijua. Lakini mapenzi yasiyopima ni hatari sawa na chuki, na pengine ni mabaya zaidi, maana mwenye chuki hutambulikana mapema.

Na lipo la tatu, ambalo watu hulisahau. Cha kale nacho kinaweza kukidhuru kipya. Flashi nyingi za zamani hupeleka katika kiungo cha kamera zaidi ya volti 200. Kamera za wakati wake, zilizokuwa na swichi ya chuma tu, zilistahamili. Kamera nyingi za kidijitali hazistahamili. Kwa hivyo wajibu si wa upande mmoja. Kijana hupaswa kujua kadiri ya mzee, na mzee naye hana ruhusa ya kumshushia kijana nguvu zake zote kwa hoja ya kwamba zama zake zilizibeba. Baina yao panahitajika kiungo cha kupunguza makali, na viungo hivyo vipo.

Wapenzi wa ushairi wamekwisha kunusa ninakoelekea. Neno mizani tunalo kwa maana mbili: sokoni ni chombo cha kupimia uzito, na katika utungo ni idadi ya silabi. Malenga akitaka kuliingiza neno la kigeni katika tarbia, hakatazwi. Tuseme neno televisheni: lina silabi tano, na katika kipande cha mizani 8 huacha tatu tu. Kama tatu hizo zinatosha kubeba maana, neno limepata kwao. Kama hazitoshi, kipande huvunjika, na kosa si la ugeni wa neno bali la mtunzi asiyehisabu.

Sisi wa Unguja twalijua hilo hata kwa taa zetu. Umeme wetu huja kwa waya kutoka bara kupitia chini ya bahari. Waya ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Panapowaka jenereta katika giza kama hilo, hapana anayeiuliza nuru imezaliwa wapi. Huulizwa tu kama moto wake ni wa kadiri, usije ukaunguza friji.

Alhasili, nguo ya kuazima haisitiri kwa sababu haikukatwa kwa kipimo cha mwili ulioivaa. Aibu yake haiko katika kuazimwa. Anayetaka kumfufua mzee, lugha, au flashi ya marehemu baba yake, asianze kwa kuuliza nguvu hizi zatoka kwa nani. Aulize kwanza: huyu aliye mbele yangu anaweza kubeba kiasi gani? Kisha atie kidogo, angoje, atazame, ndipo aongeze. Hivyo ndivyo kapasita iliyolala huamshwa. Nami sijaona bado kiumbe aliyelala muda mrefu ambaye angedhurika kwa kuamshwa hivyo.