NIPE MLIMA HUU!

Kijana, usiitupe karatasi hii. Soma kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Una miaka mingapi? Kumi na tisa? Ishirini na mbili? Na tayari unasema, "Mimi basi tena, nimeshachelewa." Shule ilikatika, kazi hakuna, wenzako wamekutangulia. Unashinda kijiweni unahesabu magari.

Sikia habari za mzee mmoja wa Japani, Yuichiro Miura. Mwaka 1970 aliteremka mlima Everest kwa kuteleza kwenye theluji, parachuti mgongoni! Sifa zikaja. Lakini miaka ikapita, na alipovuka sitini mwili ulikuwa mzito, umelegea. Angeweza kukaa kibarazani asimulie ya zamani. Hakukaa! Alianza kutembea na vyuma vizito miguuni na mzigo mgongoni, watu wakimtazama. Mwaka 2003, akiwa na miaka 70, akafika kilele cha Everest. Mwaka 2008, miaka 75, akafika tena. Mwaka 2009 akaanguka, akavunjika nyonga. Moyo nao ukapasuliwa, si mara moja. Na tarehe 23 Mei 2013, babu wa miaka 80, alisimama juu kule, mita 8,848, mahali ambapo pumzi moja inakupa kama theluthi tu ya hewa ya pwani.

Kushuka kulimshinda nguvu, helikopta ikamchukua njiani. Wapo waliomcheka. Mimi simcheki.

Wala sikudanganyi kwamba kila anayethubutu hufika. Mzee wa Nepali, Min Bahadur Sherchan, alifika kileleni mwaka 2008 akiwa na miaka 76. Mwaka 2017 akarudi na miaka 85, akafia kambini chini, kabla hajapanda.

Themanini na tano! Ndiyo miaka aliyokuwa nayo Kalebu kwenye Biblia, Yoshua sura ya 14. Alipewa ahadi akiwa na arobaini. Akaibeba jangwani na vitani miaka arobaini na mitano, rika lake karibu lote likizikwa njiani. Siku ya kugawana nchi hakuomba shamba la bondeni lenye kivuli. Aliomba mlima, tena ule wenye majitu na miji yenye maboma! Yoshua akambariki, akampa Hebroni.

Sasa wewe wa miaka ishirini na mbili, mlima wako ni upi? Gongo? Bangi? Au ni baba yako, ambaye hujaongea naye tangu ulipoondoka nyumbani? Utaje kwa jina mbele za Mungu, hapo hapo ulipokaa.