Yumo Ndani ya Kitabu Kisicho na Jina Lake

Maandiko: Mwanzo 16:7-14, Esta 4 hadi 6, Luka 24:25-27



Juma lililopita dada mmoja mwalimu aliniuliza swali baada ya ibada, tukiwa bado tunapanga viti. Akasema, "Pasta, kule nyumbani nikiingia kanisani namsikia Mungu hata kabla kwaya haijaanza. Huku Habaswein natafuta, sioni kitu. Ni kama hiki si kitabu chake." Neno hilo la mwisho limekaa nami wiki nzima. Nataka kulijibu, na nitaanzia mbali kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Wazee wetu walikuwa na Lance Spearman wa gazeti la African Film, yule jamaa wa kofia na sigara kubwa. Mimi shujaa wangu alikuwa Spider-Man. Komiki mpya sikuwa na pesa ya kununua. Nilikuwa nachakura kwenye marundo ya mitumba kando ya barabara Nairobi, chini ya magazeti makuukuu na vitabu vya hesabu vilivyonyofolewa kurasa za majibu, pale muuzaji anapoimba chagua yoyote shilingi 10. Siku moja nikaokota komiki ya Transformers, yale magari yanayogeuka kuwa watu wa chuma. Toleo la 3, la Januari 1985. Jalada lilikuwa limetoka kitambo. Nilitaka tu kumpelekea ndugu yangu mdogo. Kufungua katikati, huyu hapa Spider-Man! Amevaa nguo nyeusi, yuko bega kwa bega na yale magari mema, wanaenda kumwokoa fundi aliyetekwa. Nilipiga kelele mpaka muuzaji akadhani nimeibiwa.

Tangu siku hiyo niliacha kuamini majina ya majalada. Nilikuwa nafungua kila kitu. Na baadaye nikajua kwamba hata mara yake ya kwanza kabisa kutokea, mwaka 1962, hakuwa na gazeti lake mwenyewe. Walimtia katika Amazing Fantasy, toleo la 15, gazeti ambalo lilikuwa tayari linafungwa. Hilo ndilo lilikuwa toleo lake la mwisho. Mwaka 1984 akatokea katika kijitabu cha bure, cha kuwafundisha watoto kumkataa mtu mzima anayewashika vibaya. Mwenzake Superman naye, mwaka 1996, alichorwa katika komiki ya kuwaonya watoto wa Bosnia wasiguse mabomu yaliyofukiwa ardhini. Vijitabu vya kugawa bure, wapendwa, na mashujaa wakubwa wamo ndani.

Sasa mtu asiende nyumbani akasema pasta amemfananisha Bwana Yesu na buibui. Katuni ni karatasi. Mimi nazungumza juu ya msomaji, na namna anavyofungua kitabu.

Angalia Luka 24. Wale wawili wa Emau walikuwa wanayajua Maandiko tangu utoto, na bado walikuwa wanatembea na huzuni. Bwana aliyefufuka akaanza na Musa, akapita kwa manabii wote, akawaonyesha mahali alipo. Vitabu vilikuwa vilevile. Walikuwa wamevisoma bila kumtazamia humo.

Basi tuanze na Musa. Mwanzo 16. Hajiri ni mtumwa, Mmisri, mjamzito, amefukuzwa na mateso ya bibi yake. Hiki ni kitabu cha Ibrahimu na Sara, huyu mama hata hayuko kwenye ahadi. Na yuko wapi? Jangwani, kwenye chemchemi, njiani kwenda Shuri. Hapo ndipo neno "malaika wa BWANA" linatajwa mara ya kwanza kabisa katika Biblia nzima. Halikuanzia kwa Ibrahimu, lilianzia kwa huyu mama. Wahubiri wengi, nami nikiwa mmoja wao, huamini kwamba huyo aliyesema naye ni Mwana kabla ya Bethlehemu. Na Hajiri akampa Mungu jina, kwamba yeye ndiye aonaye, na kile kisima kikaitwa kwa jina hilo.

Wapendwa, sisi watu wa Habaswein tunajua kisima ni nini. Jina la mji wenyewe kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na ng'ombe, ngamia na binadamu wote tunaishi kwa maji ya chini ya ardhi. Mama zetu majirani wanamjua Hajiri vizuri, wao humwita Hajara, na habari ya maji yake wanaweza kukusimulia kwa machozi. Mtu akitaka kujua kama jangwa ni ukurasa wa Mungu, amuulize huyo mama.

Halafu Esta. Hiki ndicho kitabu ninachokipenda kwa habari hii, kwa sababu katika Kiebrania jina la Mungu halimo hata mara moja. Hakuna muujiza. Wanafunga siku tatu, na hata hapo neno "maombi" halikuandikwa. Jalada lote ni la mfalme wa Uajemi, karamu zake, mihuri yake, na Hamani na mti wake. Ukisoma haraka utasema Mungu alikuwa likizo. Lakini ingia sura ya 6. Usiku uleule Hamani amekwisha kusimamisha mti wa kumtundika Mordekai, mfalme anakosa usingizi. Kitu kidogo hivyo! Anaitisha kitabu cha kumbukumbu, na ukurasa unaosomwa ni ule wa Mordekai. Nani alimnyima usingizi? Kitabu hakisemi. Wewe unayemjua utamtambua kwa mkono wake.

Nirudi kwa dada yetu, kwa sababu swali lake lina damu ndani. Sote tunakumbuka tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera, watu 28 waliouawa, wengi wao walimu waliokuwa wanaenda likizo. Wenzetu wengi hawakurudi huku baada ya hapo, na sina neno la kuwalaumu. Lakini kumbuka pia Desemba 2015. Basi lilikuwa linaenda Mandera, likasimamishwa karibu na El Wak, abiria wakaambiwa Waislamu wasimame upande mmoja na Wakristo upande mwingine. Wakakataa. Akina mama wakawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi pale, na Januari 2016 akafa hospitalini Nairobi.

Salah alikuwa Mwislamu, na heshima yake ibaki naye, sitambatiza kaburini. Nasema tu kwamba nimesoma Yohana 15:13, najua Bwana alisema upendo mkubwa kuliko wote ni upi, na nilipoisikia habari ya basi lile niliutambua mkono wake.

Dada, fomu yako ya uhamisho naijua iko kwenye mkoba. Hajiri aliambiwa arudi alikotoka; Eliya alipokimbia, Mungu alimpikia chakula njiani na hakumgombeza kwa kukimbia. Kwa hiyo sitakuambia utie sahihi au usitie. Ukienda, tutakusindikiza hadi stendi na kukuombea. Ukikaa, kesho asubuhi kabla ya darasa pitia kisimani, uwasalimie kina mama wanaosubiri zamu ya maji.

Jumatano tunaendelea na Esta sura ya 7 hadi ya 9. Njooni na Biblia. Stima ikipotea, tochi zipo.