Diwali na Mola wa Walimwengu Wote



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba au Novemba, katika usiku wa giza ambao mwezi hauonekani, Mabaniani huwasha taa majumbani na madukani mwao. Hiyo ndiyo Diwali, yaani safu ya taa. Ndugu mmoja wa Singida, aliyeingia katika Islam si zamani, aliniuliza: "Sheikh, jirani yangu Baniani huniletea vitamu siku hiyo. Je, nivipokee? Na hao wakuu wao wa kale wanaowatukuza, si waongo wote?" Swali la kwanza ni jepesi. La pili ni zito, maana linagusa uadilifu wa Mwenyezi Mungu mwenyewe.

Kwanza tuifahamu sikukuu hiyo. Wahindu wengi husema kwamba taa hizo ni ukumbusho wa Ramachandra, aliyerejea katika mji wake wa Ayodhya baada ya kukaa uhamishoni miaka 14. Wengine, hasa wa kusini mwa Bara Hindi, hukumbuka jinsi Krishna alivyomshinda dhalimu Narakasura. Nyumba husafishwa, taa ndogo za udongo hutiwa mafuta na utambi, na vitamu hupelekwa kwa majirani. Wafanyabiashara wa Kigujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindu wa Afrika ya Mashariki, hufunga daftari za hesabu za mwaka uliopita na kufungua mpya. Na kesho yake ni mwaka mpya wao. Pamoja na hayo huabudiwa Lakshmi, wanayemwita mungu wa kike wa utajiri. Hapo ndipo njia yetu na yao inapoachana, nasi hatufichi jambo hilo.

Lakini je, Krishna na Rama walikuwa waongo? Fikiri, ewe ndugu. Kurani Tukufu inafundisha kwamba hakuna umma ambao haukupata Mwonyaji. Katika kila Sala tunakiri kwamba Mwenyezi Mungu ni Mola wa walimwengu wote. Ikiwa aliwanyeshea mvua watu wa Bara Hindi na kuwachomozea jua, ataachaje kuzilisha roho zao kwa maelfu ya miaka? Na anayesema kwamba aliwaacha, basi na aseme pia kwamba aliwaacha mababu wa Wanyaturu na Wanyiramba. Je, moyo wako unakubali kwamba babu yako alisahauliwa na Aliyemuumba?

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alitangaza waziwazi huko Sialkot tarehe 2 Novemba 1904 kwamba Krishna alikuwa Nabii wa kweli wa zama zake, na kwamba yeye mwenyewe amekuja pia kwa mfano wa Krishna kwa ajili ya Wahindu. Tena katika siku zake za mwisho, mwaka 1908, aliandika Ujumbe wa Amani, akiwaita Waislamu na Wahindu waheshimiane kwa kuheshimu wakuu wa dini zao. Alifariki tarehe 26 Mei mwaka huo, na ujumbe huo ukasomwa hadharani Lahore mwezi uliofuata.

Huenda ukauliza: "Kama walikuwa Manabii, masanamu yametoka wapi?" Litazame ziwa Singidani. Maji yake ni ya chumvi, lakini mvua iliyoyaleta haikuwa na chumvi. Chumvi imetoka katika ardhi. Vivyo hivyo wahyi hushuka safi, kisha mikono ya watu huuchanganya kwa muda mrefu. Asiyeyanywa maji ya ziwa hafanyi kosa. Anayeitukana mvua ndiye mkosaji.

Basi, kuhusu vitamu: kilichowekwa mbele ya sanamu kiwe sadaka yake, jiepushe nacho kwa upole. Kilichopikwa nyumbani kwa ajili ya ujirani, kipokee na ushukuru, na siku ya Idi usimsahau jirani huyo. Watu wetu wana methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Si adabu ya Mwislamu kumdharau mtu huku akila faida yake. Kurani Tukufu imetukataza hata kuyatukana yale wanayoyaabudu wengine badala ya Mungu.

Tena liko jambo la kujifunza katika duka la jirani huyo. Yeye hufunga daftari yake kila mwaka, akajua faida na hasara. Wewe uliyeacha dini ya zamani ukaipokea Islam, umeifunga lini daftari ya nafsi yako? Sala ngapi zimepita? Deni gani la watu hujalipa? Taa ya udongo huzimika utambi unapokwisha. Nuru ya imani huzimika mtu asipojihesabu.

Mwenyezi Mungu atujalie kuzitambua nuru zake zote, na kuifuata ile iliyo kamili aliyokuja nayo Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Amin.