Je, Lugha Moja ya Kompyuta Yaweza Kuwa Bora Kuliko Nyingine?

Mwaka 1936 wanahisabati wawili, Alonzo Church huko Princeton na Alan Turing huko Cambridge, walifikia, kila mmoja kwa njia yake, hitimisho moja kuhusu mipaka ya kukokotoa. Turing alibuni mashine ya kufikirika yenye utepe usio na mwisho na kanuni chache za kusoma na kuandika alama, akaonyesha kuwa mashine moja ya aina hiyo yaweza kuiga kazi ya nyingine yoyote. Hoja hiyo inazigusa lugha zote za programu zilizokuja baadaye. Fortran iliyotoka mwaka 1957, C iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Python ya 1991 na nyingine zote zinazotumika kwa kazi za kawaida, zikipewa kumbukumbu na muda wa kutosha, zinaweza kukokotoa mambo yale yale. Hakuna hesabu inayowezekana kwa moja ikashindikana kwa nyingine. Hata hivyo wanaozitumia wamebishana kwa zaidi ya nusu karne ipi ni bora, na mara nyingi kwa ukali unaofanana na ule wa madhehebu. Ikiwa uwezo ni ule ule, ubora unaogombaniwa ni ubora wa kitu gani?

Wengi hujibu kuwa ni kasi, na kwamba kinachobaki baada ya kasi ni mazoea na mapenzi ya mtu. Jibu hilo halitoshi. Kasi hupimika kwa saa, na jambo linalopimika kwa saa haliwatenganishi watu kwa miaka hamsini. Mapenzi nayo hayahitaji hoja: anayependa kahawa kuliko chai haandiki makala kuthibitisha kuwa wanywaji wa chai wamepotoka. Wanaobishana kuhusu lugha za programu hutoa hoja, hudai ukweli, na hutarajia mwenzao abadili msimamo. Kwa hiyo kuna jambo ndani yake, ingawa si kila ubishi una jambo la uzito ule ule.

Katika kompyuta upo ubishi ambao hauna ukweli wa kutafutwa. Mwaka 1980 Danny Cohen, mmoja wa watafiti walioshiriki kujenga mtandao uliozaa intaneti, aliandika makala kuhusu mpangilio wa baiti. Namba isiyoenea katika baiti moja hugawanywa katika baiti kadhaa, na lazima iamuliwe ipi itangulie, yenye thamani kubwa au yenye thamani ndogo. Mashine za IBM System/360 zilitanguliza kubwa. PDP-11 ya kampuni ya DEC, na baadaye prosesa za Intel, zilitanguliza ndogo. Cohen aliyapa makundi hayo majina kutoka katika riwaya ya Jonathan Swift ya 1726, ambamo watu wa Lilliput wanapigana vita juu ya ncha ipi ya yai ipasuliwe kwanza. Alisisitiza kuwa kukubaliana kuna uzito kuliko upande unaochaguliwa. Ndivyo ilivyo barabarani: dereva anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda huhama kutoka kushoto kwenda kulia, wala hakuna anayedai kuwa upande mmoja una haki zaidi, lakini asiyehama ataua watu. Itifaki za intaneti zilikubaliana kutanguliza kubwa, prosesa nyingi za leo hutanguliza ndogo, na kompyuta hugeuza namba kila zinapotoka au kuingia bila mtumiaji kujua.

Upo pia ubishi unaoyeyuka wenyewe. Katika miaka ya 1980 David Patterson wa Berkeley na John Hennessy wa Stanford walitetea prosesa zenye amri chache na sahili, dhidi ya zile zenye amri nyingi na tata kama za Intel. Mwaka 1995 Intel ilitoa Pentium Pro, ambayo kwa nje ilipokea amri zile tata za zamani lakini kwa ndani ilizivunja kuwa amri ndogo sahili kabla ya kuzitekeleza. Baada ya hapo ikawa vigumu kusema mstari kati ya kambi hizo mbili unapita wapi.

Ubishi wenye kina ni ule unaohusu binadamu anayeandika. Mfano wake mkubwa ni amri ya kuruka, inayojulikana kwa jina la goto, ambayo huiambia kompyuta iache ilipo iende kuendelea mahali pengine popote katika programu. Machi 1968 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha barua fupi katika jarida la ACM akidai kuwa amri hiyo ina madhara na inafaa iondolewe katika lugha za programu. Miaka miwili kabla yake, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walikuwa wamethibitisha kihisabati kuwa programu yoyote yaweza kuandikwa bila kuruka, kwa kufuatanisha hatua, kuchagua kati ya njia mbili, na kurudia. Ingekuwa rahisi kwa Dijkstra kuegemea uthibitisho huo, lakini aliona kuwa hautoshi. Programu iliyojaa miruko ikigeuzwa kwa kanuni tu kuwa isiyo na miruko haiwi wazi zaidi kwa msomaji.

Yeye alianzia kwingine kabisa. Akili ya binadamu, alisema, huyamudu vizuri mahusiano yaliyotulia kuliko mambo yanayobadilika kadiri wakati unavyopita. Programu ina sura mbili: maandishi yaliyotulia kwenye karatasi, na mwenendo unaotokea ndani ya mashine yanapotekelezwa. Anayeandika hushika maandishi, lakini anachowajibika nacho ni mwenendo. Kwa hiyo maandishi yanapaswa kuufuata mwenendo kwa ukaribu kadiri inavyowezekana, ili anayeyasoma aweze kusema wakati wowote kazi imefika wapi. Amri ya kuruka huvunja ukaribu huo. Hoja hii inaanza na udhaifu wa mtu na kuishia na sheria ya lugha, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Donald Knuth alimjibu mwaka 1974 kwa makala ndefu yenye mifano ambamo kuruka kunatoa programu safi na yenye kasi. Hakukanusha kuwa uwazi ndio lengo. Alichokataa ni marufuku isiyo na macho. Wote wawili walipata haki yao kwa sehemu. Java, iliyotoka mwaka 1995, ililitenga neno goto na kukataza matumizi yake. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kilichoandikwa kwa C, bado kinaitumia amri hiyo kwa utaratibu unaoeleweka pale kazi inaposhindikana katikati na lazima yote yaliyoshikwa yaachiliwe.

Swali lile lile, la kumwamini mwandishi au kumwekea uzio, limerudi kwa uzito zaidi katika matumizi ya kumbukumbu. C iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, na kamati iliyoisanifisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitaja wazi kuwa moyo wa lugha hiyo ni kumwamini mwandishi na kutomzuia kufanya linalohitajika. Mwandishi akitenga nafasi ya baiti 512, kisha ukaja ujumbe mrefu zaidi, lugha haimkatazi kuandika kupita mpaka. Maandishi yaliyozidi huangukia juu ya data ya jirani, na mwenye nia mbaya anaweza kuyatumia kuitawala mashine. Novemba 1988 programu iliyojisambaza yenyewe ililemaza maelfu ya kompyuta nchini Marekani, na moja ya milango yake ilikuwa kosa la aina hii. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kuwa karibu asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka hutokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Mwaka uliofuata watengenezaji wa kivinjari cha Chrome walitoa kadirio la karibu kiasi hicho hicho kwa makosa yao makubwa ya kiusalama.

Rust, lugha ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka mwaka 2015, inamtazama mtu kwa namna nyingine. Kompaila yake, yaani programu inayotafsiri maandishi kuwa amri za mashine, hufuatilia nani ni mwenye kila data na nani ameiazima, na hukataa programu ambamo sehemu mbili zinaweza kuigombania. Nani ana haki? Dini zililishughulikia swali hili muda mrefu kabla ya kompyuta: je, wema wa mtu hulindwa na dhamiri iliyokomazwa, au na sheria inayomzuia kabla hajafika kwenye kosa? Watetezi wa C hawasemi kuwa watu hawakosei. Wanasema ustadi huja kwa kuachiwa uhuru, na kwamba uzio nao una gharama. Katika hilo wana hisabati upande wao. Mwaka 1953 Henry Rice alithibitisha kuwa hakuna njia ya jumla ya kuamua, kwa kila programu, kama mwenendo wake una sifa fulani ambayo baadhi ya programu zinayo na nyingine hazina. Mlinzi yeyote basi atakataa baadhi ya programu zilizo sahihi au atapitisha baadhi zenye kosa. Rust imechagua kukataa, kisha ikaacha sehemu maalumu za programu, zilizowekewa alama, ambamo mwandishi anaaminiwa tena.

Hata hivyo mizani hailingani. Mwandishi anapokosea, mara chache ndiye anayeumia. Anayeumia ni mgonjwa ambaye faili lake limevuja au mteja aliyeibiwa fedha za simu, watu ambao hawakuulizwa lugha ipi itumike. Tony Hoare, aliyeingiza rejeo tupu, yaani rejeo lisiloelekeza popote, katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa sababu lilikuwa rahisi kutekeleza, alikiri hadharani mwaka 2009 kuwa lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Ukiri huo una heshima kubwa, kwa sababu unahesabu gharama mahali ilipoangukia.

Kwa nini basi ushahidi haujamaliza ubishi? Kwa sababu ushahidi ni mgumu kupatikana. Mwaka 2014 watafiti walichambua mamia ya miradi iliyohifadhiwa kwenye tovuti ya GitHub na kutangaza uhusiano kati ya lugha na wingi wa makosa. Kundi jingine lilirudia kazi hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2019: sehemu kubwa ya uhusiano ule haikuthibitika, na uliobaki ulikuwa mdogo. Wataalamu bora huchagua lugha fulani, kazi ngumu huelekezwa kwa lugha nyingine, na kutenganisha athari ya lugha na athari ya watu ni shida kweli. Lakini mradi hauwezi kungoja. Mwanafalsafa William James, katika mhadhara wake wa 1896 kuhusu utashi wa kuamini, alieleza hali ambamo mtu hana budi kuchagua, uchaguzi una uzito, na ushahidi hauwezi kuamua kwa niaba yake. Anayeanzisha mfumo wa benki au wa hospitali yuko katika hali hiyo. Atachagua leo, na uchaguzi wake utawafunga wengine kwa miongo. Imani inaingia hapo kihalali, mradi isijidai kuwa ni ushahidi.

Historia nayo si hakimu wa kutegemewa. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyeandika mfumo endeshi wa Minix, alitangaza kuwa Linux imepitwa na wakati kwa kuwa kiini chake ni bonge moja badala ya kiini kidogo kinachohudumiwa na sehemu zilizotengana. Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 22 huko Helsinki, alikubali kuwa kinadharia kiini kidogo kinapendeza zaidi, ila akasema kazi yake ipo na inafanya kazi. Leo simu za Android zinazojaa mikononi mwa watu kutoka Mombasa hadi Bukavu zinaendeshwa na kiini cha Linux. Lakini mwaka 2017 ilibainika kuwa Minix ilikuwa imewekwa ndani ya maunzi ya Intel, chini ya mfumo wowote anaouona mtumiaji. Kuenea kwa Linux kunaonyesha kuwa ilipatikana bure wakati watu wanaihitaji. Hakuonyeshi kuwa Tanenbaum alikosea kuhusu usanifu.

Lipo dai moja linalokataa kupimwa kwa ubora wa kiufundi, nalo ni la Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Kwake, programu ambayo mtumiaji haruhusiwi kuisoma, kuibadili na kuigawa ni dhuluma hata ikiwa nzuri kuliko zote. Hapa tofauti ni ya malengo. Matunda yake yameonekana pia kwa Kiswahili: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri programu ya OpenOffice, kazi ambayo leseni huria iliruhusu bila kumwomba mwenye mali.

Mwambao wa Afrika Mashariki una urithi unaofaa kukumbukwa katika jambo hili. Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi, na fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kwa jumla hutofautisha misingi isiyojadiliwa na matawi ambamo ijtihadi, yaani hukumu aliyoifikia mwanazuoni mmoja kwa juhudi yake, haitengui ya mwenzake. Mpangilio wa baiti ni tawi. Kiini kidogo au kikubwa kinaweza kuwa tawi. Kumkinga mtu wa tatu asidhurike kwa kosa linaloweza kuzuilika si tawi, na ndiyo maana ubishi wa C na Rust hauwezi kuachwa kuwa wa hiari ya kila mmoja.

Desemba 2022 Linux 6.1 ilitoka ikiwa na msaada wa kwanza wa Rust ndani ya kiini, na mvutano kati ya wasimamizi umeendelea tangu hapo. Wanaopinga si wajinga: wengi wametunza mistari mamilioni ya C kwa miongo, na wanaombwa ama kujifunza upya ama kutegemea wengine kwa sehemu wasiyoweza kuirekebisha wenyewe. Utaratibu uliojitokeza ni kuipa Rust nafasi hasa katika viendeshi vipya vya vifaa na kuiacha C ya zamani mahali pake. Utaratibu huo unapunguza hatari mpya bila kuondoa za zamani, na unaliacha wazi swali la nani atabeba gharama ya kipindi cha mpito, swali la haki ambalo hakuna kipimo cha kasi wala hesabu ya makosa kitakachowajibia wasimamizi hao.