Deni kwa Anayeuliza

Katika vijiwe vya bodaboda vya Makambako, Ilembula, Igwachanya na Njombe mjini kuna swali ambalo madereva na mafundi wamelisikia mpaka limewachosha: nianze na pikipiki gani? Huuliza kijana aliyeuza viazi mviringo msimu huu na pesa bado iko mfukoni. Huuliza mwalimu aliyepangiwa shule isiyofikiwa na lami, muuguzi anayeingia zamu ya usiku, mwinjilisti mwenye mitaa mingi ya kuzungukia. Akijibiwa leo, kesho anarudi. Je, ichukuliwe ya CC 125 au 150? Ya Kichina au ya Kihindi? Mpya ya dukani au iliyokwisha kutumika? Mara nyingi jibu analopata ni la kumwondosha tu: chukua Boxer, basi, au, pikipiki zote ni pikipiki, angalia mfuko wako. Wanaojibu hivyo si watu wa roho mbaya. Wamechoka. Lakini ndani ya uchovu huo kuna swali la maadili lililo kongwe kuliko injini yoyote: anayejua anawiwa nini na asiyejua, hasa pale asiyejua anapouliza jambo lile lile kwa mara ya kumi?

Wengi watasema hawiwi kitu. Subira ya mzoefu ni hisani, na hisani isipotolewa hakuna aliyedhulumiwa. Aliyejibiwa kwa upole ashukuru, aliyefukuzwa aende kijiwe kingine. Hoja yangu ni kinyume chake. Subira hiyo ni deni, na asiyelilipa amemnyima mwenzake kitu kilichokuwa haki yake. Tena deni lenyewe si la kustahimili kelele za mgeni huku umekunja uso. Ni la kumsikia, maana yule anayesikilizwa kwa meno yaliyoumana huondoka na jibu lile lile la kufukuzwa, limepakwa asali tu.

Tuanze na swali lenyewe, kwa sababu wanaolichoka hudhani ni moja. Wilaya ya Wanging'ombe ilianzishwa mwaka 2012, wakati Mkoa wa Njombe ulipomegwa kutoka Iringa, na ni wilaya moja yenye nchi mbili. Upande wa chini, kuanzia Ilembula na Saja, ni tambarare kavu inayotazama bonde la Usangu, yenye joto, mchanga na vumbi. Upande wa juu, Imalinyi na Kipengere, ni milima na ukungu, baridi ya Juni na Julai inayoganzisha vidole juu ya klachi, na matope ya utelezi tangu mvua za Novemba mpaka Aprili. Anayeuliza akitokea Saja na anayeuliza akitokea Kipengere wanatumia maneno yale yale kuuliza mambo mawili. Wa kwanza anahitaji kuambiwa habari za chujio la hewa na cheni inayoliwa na mchanga. Wa pili anahitaji kuambiwa habari za breki, tairi lenye meno na sproketi itakayokubali mlima ikiwa na gunia la viazi nyuma. Anayeshinda Makambako, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia inapokea ile inayotoka Songea, ana swali la tatu: atakaaje kwenye lami moja na malori yanayokwenda Tunduma? Ongeza urefu wa miguu yake na mzigo anaotarajia kubeba. Ongeza na leseni, kwa kuwa sheria yetu hutenganisha madaraja ya leseni ya pikipiki kwa mpaka wa CC 125. Mgeni hajui kwamba mambo hayo yamo ndani ya swali lake. Anayejua ndiye peke yake anayeweza kuyaona, na hapo ndipo deni linapozaliwa: asiyejua hawezi kudai kile asichojua kwamba kipo.

Kisha kuna mkataba. Vijana wengi hawanunui pikipiki kwa fedha taslimu. Wanapewa na tajiri, wanapeleka hesabu kila siku au kila wiki, na mwisho wa mkataba kadi inabadilishwa jina. Kwao kuchagua pikipiki ni kuchagua pia jinsi watakavyoishi mwaka mzima au zaidi. Siku pikipiki inapolala gereji, hesabu hailali. Kwa hiyo kijana anayerudi mara tatu kuuliza kama pikipiki fulani inakula mafuta kidogo si kwamba amesahau alichoambiwa. Anazunguka pembeni ya swali analoliogopa: je, nitaweza? Jibu la kwanza lilimpa jina la pikipiki, na jina la pikipiki silo alilokuwa anatafuta.

Uchovu wa anayejibu nao una historia ndefu, na mtu aliyeuchunguza vizuri kuliko wote alikuwa Mwafrika. Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago aitwaye Deogratias (jina walilo nalo vijana wengi wa Kikatoliki wa Njombe, tunaowaita Deo) alimpelekea malalamiko Augustino, askofu wa Hipo katika Algeria ya leo. Kazi ya Deogratias ilikuwa kuwapokea watu waliokuja kuuliza habari za imani kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiyarudia mambo yale yale ya mwanzo mpaka mwenyewe yakamchosha, na akaona maneno yake yamekuwa marefu na baridi. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima juu ya kuwafundisha wanaoanza. Hakumwambia avumilie tu. Alimwambia kwamba uchovu ule unatokana na umbali kati yake na msikilizaji, kama ambavyo mwenyeji hupita kila siku mbele ya mandhari nzuri bila kuiona, mpaka siku anapompeleka mgeni na furaha ya mgeni inamrudishia macho yake. Halafu akashuka kwenye mambo ya kawaida kabisa: ujue kwanza mtu huyu amekuja kwa sababu gani, na ukiona amechoka kusimama, mpe kiti. Napenda kile kiti kuliko theolojia yote iliyokizunguka. Askofu mwenye akili kama ile alitambua kwamba mtu anayeumwa miguu hasikii.

Ukilipima deni hili kwa akili tu, pasipo dini, hoja inabaki. Mzoefu anapolalamika kwamba ameulizwa swali hilo mara mia, anahesabu majibu yake, na hesabu hiyo ni ya upande mmoja. Aliye mbele yake hakuuliza mara mia. Hana hatia ya wale tisini na tisa waliomtangulia, na kumkaripia kwa ajili yao ni kumtoza faini ya kosa la watu asiowajua. Tena mzoefu mwenyewe hakuzaliwa akijua kubana klachi. Kuna aliyemshikia pikipiki mlimani, aliyemwelekeza tena na tena kubadilisha gia, aliyemwonyesha namna ya kukaza cheni bila kuikaza mno. Wengi wa watu hao hawezi tena kuwalipa. Anaweza kuwalipa wanaofuata tu.

Mtu anaweza kudhani marudio ni dalili ya ufundishaji mbovu, kwamba ukieleza vizuri mara moja inatosha. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, anasema vingine: elimu huingia kwa kurudiwa, na njia nzuri ni kulipitia somo mara tatu, kwanza kwa muhtasari, kisha kwa maelezo na hitilafu zake, mwisho bila kuacha fundo lolote. Katika kitabu hicho hicho anaonya kwamba ukali dhidi ya mwanafunzi humfundisha uongo na hila. Hilo linaonekana hata gereji: aliyechekwa kwa kuuliza hujifunza kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Na hapa Njombe hatuna haja ya kwenda mbali. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, Kidugala, katika Wanging'ombe ya leo, ikawa moja ya vituo vyao, na walikuja na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo vijana wa kipaimara wanaikariri mpaka leo. Muundo wake ni swali lile lile, la kuuliza maana, linalorudi baada ya kila amri. Luther aliiandika baada ya kutembelea sharika na kushtushwa na jinsi watu walivyokuwa hawajui. Angeweza kuishia kuwakaripia, na maneno makali alikuwa nayo tele; lakini alikaa akaandika kitabu cha wanaoanza, na akakiri kwamba yeye mwenyewe, daktari wa theolojia, bado alikuwa akiyarudia mambo hayo kila siku kama mtoto. Serikali yetu nayo ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redioni, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana. Jambo moja, mara tatu.

Yapo mapingamizi, na moja linatoka ndani ya Kurani yenyewe. Katika Sura ya al-Kahf, Nabii Musa anaomba kumfuata mja mwenye elimu, ambaye wafasiri humwita Khidhri, na sharti analopewa ni kutouliza hadi aelezwe. Anauliza mara tatu, na safari inavunjika. Je, hapo mwalimu hakuonyesha kwamba maswali yana kikomo? Alionyesha, ndiyo. Lakini tazama alivyofanya. Sharti alilitoa mapema, mara mbili akamwachia, na hakuagana naye kabla ya kumfafanulia mambo yote matatu: jahazi, kijana na ukuta. Alikatisha safari, hakukatisha jibu. Katika Injili ya Marko pia Yesu anawalalamikia wanafunzi wake kwa kutoelewa habari ya mikate aliyowalisha makutano, na ni lalamiko lenye uchungu. Ila palepale anawauliza waliokota vikapu vingapi vya mabaki, nao wanajibu 12, kisha 7. Hata aliyechoshwa aliwarudisha kwenye jambo walilolijua, waanzie hapo.

Pingamizi la pili ni la mtaani: ukimjibu kila kitu unamlemaza, mwache ajifunze kwa kuanguka. Kwenye kushona nguo au kupika ningelikubali nusu. Kwenye pikipiki silikubali hata kidogo, kwa sababu shule hiyo ada yake ni mguu, na mara nyingine abiria ndiye anayeilipa. La tatu lina uzito zaidi. Fundi anaishi kwa saa zake. Akiongea nusu saa na asiyenunua, watoto wake watakula nini? Ni kweli, na deni halimlazimishi mtu alipe asichokuwa nacho. Anaweza kusema njoo jioni. Anaweza hata kutoza ada ya kwenda kuikagua pikipiki iliyotumika, na ni haki yake. Asichoruhusiwa ni kumdhalilisha, au kumpa jibu la uongo kwa kuwa ni fupi. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ina njia nzuri ya kuligawa jambo hili: faradhi ya kifaya, wajibu ambao wakiutimiza baadhi wengine wameondokewa nao, na wasipoutimiza wote wamekosa. Kijiwe chenye madereva ishirini hakihitaji walimu ishirini. Kinahitaji mmoja anayejulikana kwamba mgeni apelekwe kwake, na asiwe yule anayepata cha juu kutoka dukani.

Na subira kwa swali si subira kwa tendo. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, masharti yake yanafahamika: leseni, bima, kofia ngumu, abiria mmoja. Anayeuliza mara kumi kwa nini mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, umekatazwa ajibiwe mara kumi. Anayepakia mshikaki bila kuuliza chochote hana anachotudai zaidi ya kusimamishwa. Naona tumeyapindua haya mawili: tunamkaripia anayeuliza, na anayepita kwa mbio na abiria watatu tunampungia mkono.

Basi ndugu fundi, nawe dereva mkongwe wa Makambako: kijana akifika na swali hilo, mpe pa kukaa kabla hujataja jina la pikipiki yoyote. Muulize anapita njia gani, anabeba nini, kadi itakuwa kwa jina la nani, na leseni anayo? Kisha mjibu. Akirudi kesho, muulize alichoelewa jana, mwendelee kuanzia hapo.